Mama Aliyeshiba kwa Mujibu wa Sheria

Nchi yenyewe ipo, msiniulize ni ipi. Kila mtu aitafute kwenye ramani aliyonayo kichwani, na akiikuta ni ya kwao asije akanitaja mimi. Nitakachosema ni kwamba ni nchi njema kupita kiasi. Njaa huko ilifutwa kwa amri, Alhamisi moja, Baraza la Mawaziri lilipokuwa limetoka kula chakula cha mchana, na tangu siku hiyo haijaonekana tena hadharani. Tumbo la raia likinguruma, sheria inasema hiyo ni ngurumo ya mvua. Muungwana anatakiwa atazame juu, aseme "Mvua hiyo," kisha aendelee na shughuli zake. Wageni wanaofika nchi ile hushangaa jinsi watu wake wanavyopenda kuangalia mbingu.

Basi serikali, kwa huruma zake, ikaona haitoshi raia kutokuwa na njaa. Lazima pia wafurahi. Ikajenga Bustani ya Furaha ya Taifa, yenye mabembea marefu kuliko minara, farasi wa bati wanaozunguka kwa muziki, na treni inayopiga mayowe kuliko abiria wake. Kila familia ikaamriwa kwenda huko likizo, kwa gharama zake yenyewe, na kurudi na picha ambayo meno ya wote yanaonekana. Familia isiyo na picha huitwa kaya yenye kinyongo, na kaya yenye kinyongo hukatiwa maji. Sasa nani akatae kufurahi?

Siwema hakukataa. Siwema ni mke wa Mshamu, fundi baiskeli, na mama wa watoto wawili: Chausiku, msichana mwenye maneno ya kiutu uzima, na Kombo, kitindamimba, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka juzi tu na kuleta wasiwasi mkubwa kuhusu ile picha. Mwaka mzima Siwema alidunduliza kiingilio. Alidundulizaje? Ah, hapo ndipo penye kazi.

Nyumbani kwake, kama nyumba nyingi za huko, mama hupakua, akawasogezea baba na watoto sinia, kisha yeye hubaki jikoni akichezea kuni. Akiitwa hujibu, "Kuleni, kuleni. Mimi nimeonjaonja huku jikoni, nimeshiba." Siwema alikuwa akilisema hilo huku akifuta mikono kwenye kanga na kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Wenzake wakishamaliza alikuwa akikwangua ukoko. Mwaka ule wa kudunduliza, hata ukoko aliuloweka ukawa uji wa watoto wa asubuhi. Kiuno chake kikapungua mpaka kanga ikawa inamzunguka mara mbili na kubaki.

Siku moja Kombo akamuuliza, "Mama, hivi wewe huwa unakula nini?"

"Nakula kama nyinyi, baba."

"Mbona sijawahi kukuona?"

Siwema akataka kucheka. Alijaribu kukumbuka ni lini alikaa kitako na mwanawe huyu wakala pamoja, akakosa. Akamvuta karibu. "Siku ya bustani," akamwambia, "tutakaa sote wanne, sinia moja, na mimi nitakula mbele yako mpaka wewe mwenyewe uniambie basi."

"Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu."

Tangu hapo Kombo hakuulizia tena farasi wa bati wala treni. Alikuwa akiulizia hiyo siku ya kumwona mama yake akila.

Sasa, kuingia bustanini ni jambo moja, na kula humo ndani ni jambo jingine kabisa. Sahani ya chipsi ndani ya bustani ni bei ya mbuzi nje ya bustani. Ukikaa upande unaoelekea moshi wa mishikaki unatozwa kodi ya harufu. Watoto wawili wakichangia soda moja, mrija wa pili unalipiwa kama mgeni wa ziada. Lakini msidhani serikali haina moyo. Wizara ya Shibe na Burudani ilikuwa na kipindi redioni kila asubuhi, kikiwafundisha wenye kipato kidogo jinsi ya kubana matumizi ya chakula likizoni: tafuna polepole ili tonge lijione jingi, mpe mtoto anuse kwanza, huenda akaridhika, mtazame jirani anayekula, umwombee heri. Na chakula cha kutoka nyumbani kilipigwa marufuku, kwa sababu Mheshimiwa Waziri alifanya utafiti binafsi, akagundua kwamba chakula cha nyumbani kina huzuni ndani yake, na huzuni inaambukiza.

Mshamu aliposikia hayo alizima redio. "Mama Chausiku," akamwambia mkewe, "hapa ni akili tu. Wewe pika chapati. Mimi nitazivaa."

"Utazivaaje?"

"Kiunoni. Nazizungusha, nafunga na kitambaa, juu shati. Nani atampapasa mtu mzima tumbo? Mayai ya kuchemsha Chausiku ataweka kwenye soksi. Tukishaingia, tunatafuta kichaka, tunatandika kanga, tunakula kama wafalme."

Alfajiri ya safari Siwema alikanda unga. Alisukuma, akachoma, akapaka samli, na hata hapo hakuonja, maana leo angekula kwa heshima. Donge la mwisho lilikuwa dogo, kama kawaida ya madonge ya mwisho. Alipolisukuma, Kombo akachukua kikombe cha bati akabonyeza mdomo wake katikati ya chapati ile kabla haijaingia kikaangoni. Ikabaki alama ya duara, ikaiva nayo.

"Hii ya mama," Kombo akatangaza. "Mtu asiiguse."

Langoni mwa bustani hapakuwa na upekuzi. Mambo ya kupekuana ni ya nchi za kishenzi. Palikuwa na Askari wa Kukaribisha, ambao kazi yao ni kumkumbatia kila mgeni kwa niaba ya taifa, kwa nguvu, mbele na nyuma, wakimnusa shingoni. Mshamu alipoona foleni inavyokumbatiwa, rangi ikamtoka. Akasogea akishika tumbo kama mja mzito.

"Karibu sana, ndugu yetu," akasema askari, akamkumbatia. Kisha akatulia. "Mbona kiuno kina joto?"

"Homa, afande."

"Homa inanukia samli?"

Samli yenyewe ilikwisha kumsaliti, inachora duara kubwa kwenye shati. Askari akavuta shati, na chapati zikaanza kuanguka moja moja mbele ya umma. Chausiku naye alipokumbatiwa, mayai yakalia pwaa ndani ya soksi.

Askari hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ya upole, ambayo huko ndiyo inayotisha: "Chakula cha nini hiki? Kuna mtu hapa ana njaa?"

Foleni nzima ikarudi nyuma. Kila mtu alijua. Mwenye njaa katika nchi isiyo na njaa ni mzushi, na mzushi hupelekwa Kambi ya Kurekebisha Furaha, mkubwa kambi yake, mtoto kambi yake. Kombo akashika kanga ya mama yake.

Siwema hakufikiri. Kinywa chake kilisema chenyewe, kama kilivyokuwa kikisema siku zote. "Njaa itoke wapi, mwanangu? Hivyo tumebeba kwa mazoea tu. Watoto hawa wamekula wamevimbiwa. Na mimi ndiyo usiseme. Nimeshiba, sina hata pa kupitishia tonge." Akafuta mikono kwenye kanga, akatabasamu kwa upande mmoja.

Askari akamtazama upya. "Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Kwa hiari yako? Hujalazimishwa?"

"Nilazimishwe na nani, baba?"

Askari akapiga saluti. Kisha akapuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Mheshimiwa Waziri wa Shibe na Burudani alifika kwa msafara wa magari, ingawa ofisi yake iko ng'ambo ya ua. Alikuwa mtu mpana, mwenye vifungo vya koti vilivyokuwa vikiomba msaada. Alimshika Siwema mkono, akampandisha jukwaani katikati ya uwanja wa chakula, mahali wanapouza kila kitu, akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Kwa miaka mingi maadui wa nchi yetu, wenye wivu na maendeleo yetu, wamekuwa wakitukebehi: tuonesheni mtu mmoja tu aliyeshiba ambaye si waziri! Leo nawaonesha! Mtazameni mama huyu! Mnaona alivyo mwembamba? Huo ndio ustaarabu wa shibe yetu, shibe isiyojionesha! Shibe ya ndani kwa ndani!"

Makofi yakapigwa, kwa kuwa yanapigwa. Waziri akamvisha Siwema utepe wa kijani ulioandikwa RAIA ALIYESHIBA. Kisha akatoa zawadi. Kwa kuwa familia hii ina mtu mmoja asiyehitaji kula, alisema, serikali imewaondolea mzigo wa kununua sahani ya nne, na akiba itakayopatikana itapelekwa hazina ya taifa. Hiyo, akasema, ndiyo mbinu kuu ya kubana matumizi ambayo wataalamu walikuwa wakiitafuta.

Kisha akainama, akamwambia Siwema sikioni, bila kipaza sauti: "Mama yangu, mwenye utepe akionekana anatafuna chochote, atakuwa amelidanganya taifa. Na wewe una watoto wazuri."

Akamwonesha kiti chekundu cha kukalia mpaka bustani ifungwe.

Siwema akakaa. Hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana mchana, na mbele yake mishikaki inageuzwa, mafuta yanatona kwenye makaa, mihogo inapasuka kwenye karai. Walikuja watalii wakapiga naye picha. Alikuja bwana mmoja mwenye koti jeupe akamwekea mpira wa kusikilizia tumboni, akasikiliza kwa muda, akawaambia waandishi wa habari kwamba anasikia mvua ya kutosha kwa kilimo.

Kibaya zaidi kilikuwa mbele yake upande wa kulia. Ng'ambo ya uwanja palikuwa na Makumbusho ya Njaa, mahali watoto wanapooneshwa mambo ya kale, na dirisha lake kubwa la kioo lilikuwa likimtazama uso kwa uso. Alasiri wakaja vijana wawili wenye glovu, wakaweka kitu juu ya kitambaa cha mahameli, wakawasha taa. Siwema akakaza macho. Ilikuwa chapati ndogo, yenye alama ya duara katikati.

Muda si muda Mshamu alifika na watoto dirishani. Siwema aliwaona kutoka kitini. Alimwona Chausiku akisoma bango kwa sauti, kama shuleni: "Chapati ya mwisho nchini. Ililiwa na mababu zetu enzi za njaa. Alama ya duara inaaminika kuwa ni ya kuabudu jua."

"Uongo!" Kombo akapiga kioo kwa kiganja. "Nimeiweka mimi kwa kikombe! Hiyo ya mama!"

"Mtoto, usiguse urithi wa taifa," akasema mlinzi wa makumbusho.

"Siyo urithi! Ya mama!"

Siwema akainuka kitini. Mhudumu akamrudisha kwa adabu zote. "Mheshimiwa Raia Aliyeshiba, tafadhali. Watalii hawajamaliza."

Wakamjia jukwaani, Mshamu nyuma, uso chini, watoto mbele. Kombo alikuwa ameficha chipsi moja kwenye kiganja, imekwisha kupoa na kulainika kwa jasho. Akamnyooshea.

"Mama, kula. Uliniahidi."

Siwema akaitazama ile chipsi. Sijui kama kuna mtu amewahi kutamani kitu kama alivyoitamani ile. Mate yalimjaa, akayameza. Kule nyuma, askari aliyemkumbatia mumewe alikuwa anatazama.

"Nimeshiba, mwanangu," akasema. "Kula wewe."

"Uliapa."

"Nimeshiba, Kombo." Na mikono ikajifuta yenyewe kwenye kanga.

Kombo hakulia. Ingekuwa nafuu angelia. Alimtazama mama yake, kuanzia utepe mpaka ule mdomo unaotabasamu upande mmoja, akarudi nyuma kidogo kidogo. Alikuwa na umri wa kuanza darasa la kwanza tu, lakini Siwema aliona kwamba ameelewa.

"Wamekula?" akamnong'oneza mumewe.

"Sahani moja, wamegawana. Mimi nimekunywa maji." Mshamu akajikuna kiuno, mahali chapati zilipomuunguza. "Mama Chausiku, nisamehe. Ilikuwa akili tu."

Jua lilipoanza kushuka, bendi ikapiga, watu wote wakakusanywa uwanjani kwa sherehe za kufunga siku. Mheshimiwa Waziri alirudi, na safari hii alibeba kwa mkono wake mwenyewe paja la kuku lililokaangwa, linang'aa, limefungwa karatasi mwishoni. Akamwita Kombo jukwaani.

"Huyu ni mtoto wa Raia Aliyeshiba! Sasa taifa litashuhudia jinsi mtoto wa nchi yetu anavyokula kwa furaha! Kula, mwanangu. Kula mbele ya wote."

Kombo akalipokea kwa mikono miwili. Akalinusa. Koo lake likapanda na kushuka, uwanja mzima ukaliona. Kisha akamgeukia mama yake aliyekaa kwenye kiti chekundu, akaenda taratibu, akaliweka mapajani mwake.

"Mpeni mama," akasema, na kipaza sauti kikachukua. "Mimi nimeshiba." Akafuta mikono kwenye shati.

Waziri akaruka kwa furaha. "Shibe ya kurithi! Ndugu wananchi, shibe yetu sasa inarithiwa! Leteni utepe!" Wakaleta utepe wa watu wazima, wakamvisha mtoto, ukamfika kwenye vifundo vya miguu.

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani ya Siwema. Alisimama, paja la kuku likaanguka chini. "Mwongo!" akapiga kelele. "Mwanangu mwongo! Huyu ana njaa! Nimemfundisha mimi, jamani, nimemfundisha mimi kusema hivyo! Ana njaa, na mimi nina njaa, nina njaa mwaka mzima, sijala nikashiba tangu huyu nimemwachisha ziwa! Mvueni mwanangu hiyo!"

Bendi ilikuwa imesahau kupiga. Waziri akachukua kipaza sauti, akazungumza kwa huruma ya mtu anayemweleza mgonjwa. "Msishituke. Mama amelewa shibe. Huwapata sana wanaoshiba kwa mara ya kwanza."

Palikuwa kimya. Na ndani ya kimya hicho, huko nyuma kwenye umati, tumbo la mtu likanguruma. Likajibiwa na jingine, karibu na mabembea. Kisha la tatu, kisha hayakuhesabika, uwanja mzima unanguruma chini kwa chini, kina baba, kina mama, watoto waliobebwa mabegani, na askari mmoja au wawili. Siwema akageuka huku na huku akiwatazama usoni. Alidhani mtu mmoja atasema. Mmoja tu.

Waziri akatazama juu. "Mvua hiyo," akasema.

Umati wote ukatazama juu. Hata Mshamu, Mungu amsamehe, alitazama juu, kwa kuwa watoto ni wawili na kambi ni mbili. Anga lilikuwa jeupe, halina hata kipande cha wingu. Kombo, akiwa amezongwa na utepe wake, akawaangalia wakubwa wote jinsi wanavyofanya, naye akainua uso.

Siwema hakukamatwa. Kumkamata mwenye njaa ni kukiri kwamba yupo, na serikali ile si ya kukurupuka. Walipigwa picha yao, wakapewa, wakasindikizwa langoni kwa makumbatio. Picha hiyo siku hizi imetundikwa katika kila ofisi ya umma, meno yote yanaonekana isipokuwa ya Kombo, ambaye walimchorea. Machozi ya Siwema yalielezwa chini kuwa ni jasho la furaha.

Walifika nyumbani magharibi. Siwema akaingia jikoni, akasonga ugali wa unga uliokuwepo, akachuma mchicha nyuma ya nyumba. Lakini safari hii hakubaki jikoni. Alibeba sinia mwenyewe, akalitua kwenye mkeka, akakaa kitako baina ya watoto wake. Mshamu akamtazama, akajisogeza kumpa nafasi.

Siwema akanawa. Akamega tonge la kwanza, yeye wa kwanza kabla ya mumewe, jambo ambalo halijapata kutokea katika nyumba ile, akalichovya kwenye mchicha. "Kombo," akaita. "Nitazame mama. Nakula."

Akatia kinywani, akatafuna. Kombo alimtazama bila kupepesa, kila anapotafuna, mpaka koo liliposhuka. Uso ukamkunjuka kidogo kidogo, akatabasamu. Siwema akamega la pili, akala. Akamega la tatu, kubwa, akalilainisha vizuri kwa vidole, akampelekea mwanawe mdomoni.

"Na wewe sasa, baba. Aaa."

Kombo akafunga midomo. Akalisukuma tonge lile taratibu, kwa upole, lirudi kwa mama yake.

"Kula wewe," akasema. "Mimi nimeshiba." Akafuta mikono kwenye shati, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Kombo, mwanangu, kula. Chakula kipo. Nakuapia kipo."

Tumbo la mtoto likanguruma. Wote wanne walilisikia. Kombo akainua uso, akatazama paa la mabati.

"Mvua hiyo, mama," akasema.